Phakki Si Dawa

Presha ya Khursheed Bibi ilikuwa sitini ya juu. Ya chini mashine ilikataa kuisoma. Daktari Tanzeela Gondal aligonga kioo cha mashine kwa ukucha, kana kwamba kosa ni la kioo, kisha akamgeukia Inspekta Rafia Chadhar aliyesimama miguuni pa kitanda na daftari lake.

"Mpaka magharibi," alisema. "Baada ya hapo usiniulize."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, Jumatatu ya mwezi wa Jeth, mwezi wa joto kali. Umeme wa mji wa Chiniot ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta la hospitali lilitosha kuendesha mashine tu, si feni. Rafia alikuwa mkaguzi wa dawa wa wilaya. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufungia maduka yanayouza sharubati ya kikohozi iliyopitwa na tarehe na kutukanwa na wenye maduka hayo. Hakuwa amezoea watu kufa mbele yake, na hakutaka kuzoea.

Wawili walikuwa wamekwishakufa ndani ya wiki mbili: mchonga vitanda na mpaka vanishi, wote wa mtaa mmoja wa maseremala. Kila mmoja alianza na kidonda kidogo cha patasi au kibanzi, homa ikafuata, na siku ya nne ya homa mwili ukaporomoka kwa mpigo, macho yakiwa ya manjano. Khursheed alikuwa wa tatu. Naye alikuwa mpaka vanishi, ana watoto wanne, na kibanzi cha mti wa shisham kilikuwa kimemchoma kidole gumba.

"Vanishi nimeipima," Rafia alisema. "Ni vanishi. Maji ya pampu ni maji. Chupa zenu za dripu nazo nimezikagua, ni safi."

"Asante kwa kutusafisha," daktari alisema bila kucheka. "Njoo uone."

Alimpeleka dirishani, kwenye hadubini iliyowekwa juani kwa sababu taa yake haikuwa na umeme. Maiti wa kwanza alizikwa kabla ya adhuhuri, ndugu hawakutaka kusikia habari ya kisu. Huyu wa pili polisi walikuwa wameng'ang'ania, na kipande cha ini lake sasa kilikuwa chini ya kioo.

"Ini lina vijia vya damu vyembamba kuliko unywele," Tanzeela alisema. "Vijidudu vikivamia damu, vijia hivyo hujikaza. Mwili mzima una homoni yake ya kuvizuia visijikaze kupita kiasi. Tezi zinazoitoa zimekaa juu ya figo. Hapa ni kama hakuna aliyevizuia. Vimejifunga vyote. Ini limekufa kwa kiu huku damu ipo."

"Na tezi?"

"Zimesinyaa kama zabibu kavu. Hilo hutokea kwa njia mbili. Ama mtu amemeza steroidi miezi mingi, tezi zikaona hazina kazi, zikalala, halafu akaacha ghafla. Ama TB ya zamani imezila." Daktari alishusha sauti. "Kama ni ya kwanza, nampa steroidi sasa hivi na vijia vinaweza kulegea. Kama ni TB, naifungulia mlango na ninammaliza kwa mkono wangu. Mume wake alitibiwa TB mwaka juzi. Na kwenye fomu, mbele ya dawa anazotumia, wameandika hakuna. Nimeuliza mimi, ameuliza nesi, umeuliza wewe."

"Hakuna," Rafia alikubali. Alikuwa ameiandika mara tatu, na mara ya tatu aliipigia mstari.

"Kwa hiyo nitie au nisitie?"

Rafia alimtazama mwanamke kitandani. Uso wake ulikuwa mviringo, mashavu yamejaa, lakini mkono uliochomwa sindano ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na kuanzia kiwiko hadi kiganja ulikuwa na madoa ya zambarau. Alichukua kitambulisho chake kutoka kwenye faili. Picha ilipigwa miaka miwili nyuma. Mwanamke wa pichani alikuwa na taya kali na mashavu yaliyobonyea.

"Huyu alinenepa lini?" Rafia aliuliza.

"Waulize kwake. Na ukimbie."

*

Konstebo Mukhtar alikuwa akimsubiri kando ya gari. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mzaha mwingi na kitambi cha heshima, aliyeazimwa kutoka kituo cha polisi ili wenye maduka wasimrushie Rafia mawe. Kila mtu uani alikuwa amejibanza kivulini chini ya ukuta. Yeye alisimama katikati ya jua, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Mukhtar, umekuwa mjusi?"

"Kivuli kina baridi, Madam."

Rafia aliuona ni mzaha wake wa kawaida akaingia garini. Njiani alimpa sambusa moja kati ya mbili alizonunua. Mukhtar aliisukuma kwa mkono wa kushoto, uliofungwa leso.

"Leo tumbo limegoma. Na hilo geti la karakana ya vanishi, Madam, tulifungie na lenyewe. Jumamosi liliniuma kuliko mbwa wa mkuu wangu."

"Wewe kukataa sambusa? Niandike kwenye ripoti."

"Andika kwamba nimependeza. Mke wangu anasema nimepata mashavu ya bwana harusi."

Walicheka wote wawili, na baadaye Rafia alikumbuka kwamba walicheka.

Nyumba ya Khursheed ilikuwa ua mmoja, vyumba viwili na mbuzi. Mama mkwe wake, Sardaran Bibi, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba akivuta tasbihi. Aliwaona akaanza kulia kabla hawajasema neno, maana polisi wakija nyumba yenye mgonjwa hawaleti sharubati.

"Yu hai, mama," Rafia alisema haraka. "Yu hai. Nimekuja kuuliza tena."

"Uliza, binti yangu. Nitajibu yale yale."

"Alinenepa lini?"

Kikongwe alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Swali lilimshangaza, lakini lilimpendeza. "Tangu msimu wa baridi. Mungu alimtazama. Alikuwa mkavu, magoti yamekufa, hawezi kuchuchumaa kupaka miguu ya viti. Halafu akanawiri! Uso ukajaa kama mwezi. Majirani wakaanza kumtia jicho. Mimi nasema ni jicho hili limemlaza."

"Na magoti?"

"Yalipona."

"Kwa dawa gani?"

"Dawa hatumii," Sardaran alisema, akianza kuudhika. "Mara ngapi? Katika nyumba hii dawa haijaingia tangu mwanangu amalize vidonge vyake vya kifua."

Rafia alishika tumbo. Sambusa aliyoila kwa pupa ilikuwa ikimsokota. Hakukusudia kikongwe aone, lakini mama wa watoto saba huona.

"Tumbo? Ngoja nikupe phakki."

Aliinuka akaenda kwenye rafu ya udongo. Kulikuwa na machupa mawili ya jamu yenye unga wa kahawia. Alichukua moja, akainusa, akairudisha, akachukua ya pili.

"Hii ndiyo ya tumbo, bizari na chumvi nyeusi. Ile usiguse, ile ni ya Khursheed, ya moto."

Rafia aligeukia rafu. "Ya Khursheed ni ipi?"

"Phakki ya maungo. Ya Hakim Lateef, tabibu wa mitishamba sokoni. Anabwia kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Mama! Nimekuuliza mara tatu kama anatumia dawa!"

"Na mara tatu nimekwambia hatumii!" Sardaran naye alipandisha sauti. "Dawa ni ya daktari. Dawa ni kidonge, dawa ni sindano. Hii ni phakki! Nani anaita phakki dawa?"

Hakuna. Hata Rafia mwenyewe, aliyelelewa na bibi mwenye machupa kama hayo, hakuita unga wa kubwia dawa, na alikuwa na shahada ya famasia ukutani. Alihisi uso ukimchoma kwa aibu. Aliinyanyua chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

"Mbona hakuimaliza?"

"Ameiacha tangu Ijumaa, homa ilipomshika. Hiyo ni amri ya Hakim. Phakki ni ya moto, homa ni moto. Utaweka moto juu ya moto? Na wale wawili marehemu waliacha hivyo hivyo, walifuata sharti, maskini. Hakuna aliyekosea."

Rafia alihesabu kwa vidole. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku ya nne. Alimpigia daktari akiwa bado uani.

"Phakki gani?" Tanzeela alifoka kwenye simu. "Ina nini ndani? Nusu ya matabibu hawa wa mitishamba wilayani wanatia zebaki, wengine arseniki. Hizo nazo zinaua ini, na tiba yake ni nyingine kabisa. Nipe jina, Rafia. Sitamdunga mgonjwa kwa sababu ya chupa ya jamu."

"Maabara ya Lahore inachukua wiki tatu."

"Mimi nina saa nne. Presha sasa ni hamsini na nane."

*

Duka la Hakim Lateef lilikuwa mwisho wa soko, baada ya kizuizi cha reli. Kizuizi kilikuwa kimeshuka, na treni ya mizigo ilipita behewa moja moja kama inayowadhihaki. Rafia alipiga honi mpaka mlinzi wa reli akamwonyesha ngumi. Mukhtar hakutania. Alikuwa ameegemeza kichwa dirishani.

Hakim alikuwa mtu mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina, ameketi juu ya godoro dogo kati ya kuta mbili za mitungi. Alimkaribisha Rafia kwa upole wa mtu ambaye amekwishawahi kukaguliwa.

"Karibu, Madam Inspekta. Serikali inaumwa wapi?"

Rafia aliweka chupa ya jamu mbele yake. "Hii ina nini?"

"Mizizi kumi na saba na dua."

"Nitajie mizizi."

Aliitaja yote kumi na saba, bila kukwama, kwa sauti ya kughani. Rafia alimwacha amalize. Kisha aliomba glasi ya maji, akamimina kijiko cha unga, akakoroga na kuiinua kwenye mwanga wa mlango. Unga wa kahawia ulielea juu, nyuzinyuzi na maganda. Chini ya glasi paliketi tabaka jembamba, jeupe.

"Mzizi wa kumi na nane," Rafia alisema. "Unaitwaje?"

"Chokaa. Kwa ajili ya mifupa."

Rafia alichovya kidole na kukiweka kwenye ulimi. "Chokaa haina uchungu. Hakim Sahib, kuna mwanamke atakufa leo magharibi. Nipe jina tu. Kesi tutazungumza kesho."

"Mwanamke anakufa kwa siku yake iliyoandikwa, si kwa phakki yangu." Hakim alitabasamu, na tabasamu lile lilimtia Rafia hasira. "Unataka nikiri kwa mdomo wangu nikaoze jela? Watu waliletwa hapa wamebebwa, wakatoka wanatembea. Wewe wa serikali, magoti ya maseremala hawa umeyafanyia nini? Tena kama ni sumu, muulize askari wako. Mteja wangu tangu msimu wa baridi. Au sivyo, Mukhtar ndugu yangu?"

Rafia aligeuka.

Mukhtar alikuwa amesimama kizingitini, kwenye kipande pekee cha jua. Aliinamisha macho kama mtoto aliyekutwa jikoni. "Magoti, Madam. Ngazi za kituo ni nyingi. Niliona haya kukwambia, kazi yenyewe ndiyo hii tunayoifanya."

Mashavu ya bwana harusi. Kivuli chenye baridi. Rafia alimwendea, akamfungua leso mkononi. Mkwaruzo wa geti ulikuwa umevimba, na mstari mwekundu ulipanda kutoka kwenye kiganja mpaka ndani ya mkono wa shati. Aliweka kiganja chake kwenye shingo yake. Ilikuwa inawaka.

"Umeacha lini?"

"Jana asubuhi. Homa ilinianza, na sharti ni sharti."

Rafia aliogopa, na safari hii hakujaribu kuificha. Maradhi yale yalikuwa yametoka kwenye faili la hospitali, yamekuja kusimama mbele yake na jina la mtu aliyemjua, aliyemchekesha miaka sita. Alimrudia Hakim akapiga magoti mbele ya godoro lake, macho kwa macho.

"Wawili walikufa siku ya nne. Huyu yuko siku ya pili. Ni polisi, Hakim Sahib, na umemtaja kwa mdomo wako mwenyewe kuwa ni mteja wako. Akifa hawatakuja na daftari kama mimi. Watakuja wenzake. Jina!"

Hakim alimtazama Mukhtar, akautazama ule mstari mwekundu. Rafia aliona rangi ikimtoka chini ya hina. Huenda alikuwa na huruma, huenda alikuwa anahesabu tu. Alijisogeza kando, akanyanyua pembe ya godoro na kutoa kopo la bati lenye lebo ya kiwanda, limejaa vidonge vyeupe vidogo vidogo.

"Deksa," alisema. "Navisaga pamoja."

"Deksamethasoni. Steroidi. Hakuna zebaki? Arseniki?"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu, ni hiyo tu."

"Na nani alikufundisha waiache wakipata homa?"

"Baba yangu huyo huyo." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Phakki ya baba ilikuwa tangawizi kavu na pilipili mtama. Ilikuwa ya moto kweli. Sharti lilikuwa la kweli."

Alikuwa amebadilisha unga na kuliacha sharti palepale. Rafia hakuwa na muda wa kumtukana. Alipiga simu.

"Deksa, Tanzeela. Miezi sita, ameacha Ijumaa. Kopo ninalo mkononi, lebo naisoma." Akaisoma yote mpaka namba ya toleo.

Alisikia daktari akimpigia nesi kelele, vyuma vikigongana, nyayo zikikimbia. Kisha Tanzeela alirudi, akihema.

"Inaingia. Sijui kama vijia vitafunguka. Kama bado havijafa, vitafunguka. Rafia, ni wangapi wengine?"

Daftari la wateja lilikuwa pembeni mwa godoro. Hakim alilisukuma kwake bila kuombwa. Rafia alipitisha kidole: maseremala, wapaka vanishi, wake zao, mwalimu wa shule ya wasichana, muuza barafu. Ukurasa baada ya ukurasa. Majina mia na kumi na tisa.

Mfukoni alikuwa na nta nyekundu na muhuri wa wilaya. Sheria ilikuwa wazi kama mchana: chukua mali, funga duka, piga muhuri, tangaza watu waache kutumia. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, usingizi hata haukumpotea. Leo kila neno la sheria hiyo lilikuwa na kaburi ndani yake. Kesho mia na kumi na tisa wangekuta mlango una nta, wangerudi nyumbani bila phakki, na patasi za Chiniot hazipumziki.

Alichana ukurasa wa daftari lake akaandika. Msikiti ulikuwa hatua thelathini kutoka dukani. Maulvi, imamu wa msikiti, aliisoma karatasi mara mbili, akaupapasa mswaki mfukoni, akamtazama.

"Binti yangu, wewe si ndiye wa kuzuia vitu hivi?"

"Isome kama ilivyoandikwa."

Kipaza sauti kilikohoa juu ya mapaa. Sokoni watu walinyamaza, maana kipaza sauti saa kama hiyo hutangaza maiti.

"Wenye phakki ya Hakim Lateef, sikilizeni. Msiiache. Narudia, msiiache. Hata mwenye homa asiiache. Wenye homa nendeni hospitali sasa hivi, na phakki yenu mkononi. Mkiulizwa kama mnatumia dawa, semeni ndiyo."

Rafia alirudi dukani akikimbia. Mukhtar alikuwa ameketi kwenye ngazi, meno yanagongana juani. Alijaribu kusimama kwa heshima, magoti yale yale yaliyopona yakamkatalia. Kizuizi cha reli kilikuwa kimeshuka tena, na mlio wa treni ulisikika mbali.

Simu iliita. "Sabini na nne," Tanzeela alisema. "Inapanda. Polepole, lakini inapanda. Mlete huyo wako."

Rafia alifungua chupa ya jamu, ile yenye lebo ya kielelezo aliyoibandika mwenyewe nusu saa iliyopita. Alichota kijiko, akakishikilia mbele ya mdomo wa Mukhtar kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na glasi ya maji.

"Madam," Mukhtar alinong'ona, "huo si ushahidi wetu?"

"Ndiyo," Rafia alisema. "Bwia."